"Siko mutu tena": njia tatu za kunoa swali la utafiti kuhusu wasiwasi na nafsi

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mwaka wa mwisho alinifuata nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, na karatasi moja mkononi. Ilikuwa na mstari mmoja wa Kifaransa ambao kwa Kiswahili ungesomeka hivi: wasiwasi wa kuwepo na utambulisho wa mtu katika Afrika ya leo. "Yaya," akaniambia, kama tunavyomwita mkubwa wetu hapa, "mada niko nayo. Swali njo (ndilo) sina." Nilimwelewa mara moja, kwa sababu karatasi kama hiyo niliibeba mimi mwenyewe mwaka mzima.

Yangu ilianzia kwa baba. Alifanya kazi ya mgodi miaka 23, kisha kazi ikaisha. Kwa karibu miaka miwili baada ya hapo, kila Jumapili jioni alitia mkaa kwenye pasi, akainyoosha ovaroli yake ya kaki, akaikunja na kuiweka juu ya kiti karibu na mlango. Jumatatu mchana aliirudisha kabatini. Jumapili moja nilimkuta ameiacha pasi imelala juu ya kitambaa, harufu ya kuungua imeanza kutoka. Akasema bila kunitazama: "Siko mutu tena."

Nilitaka kulichunguza neno hilo. Lakini nilichunguze kwa upande upi? Upande wangu mimi niliyelisikia, nikashikwa na kitu kifuani ambacho bado hakijaniachia? Upande wa wanaume wengine waliopitia aliyoyapitia? Au upande wa neno lenyewe, *mutu*, linalodai kwamba binadamu aliye hai na anayepumua anaweza kuacha kuwa mtu? Hizo ndizo njia tatu ninazozilinganisha hapa. Ninamwandikia yule ambaye swali lake limetoka ndani yake, si kwenye orodha ya mada za idara, na bado halijakaa sawa.

Kwanza, tenga hofu na wasiwasi

Hofu ina kitu chake: nyoka, deni, mtu mwenye silaha barabarani. Wasiwasi ambao wanafalsafa wameuandikia hauna cha kunyooshea kidole. Kierkegaard alivitenga viwili hivyo mwaka 1844, Heidegger akarudi palepale mwaka 1927, na wote wanakubaliana kwamba katika wasiwasi kinachotikisika ni kule kuwepo kwako kwenyewe. Tillich, mwanateolojia, mwaka 1952 aliugawa mara tatu: wasiwasi wa majaliwa na kifo, wasiwasi wa utupu na kukosa maana, wasiwasi wa hatia na hukumu. Yalom, daktari wa akili wa Marekani, mwaka 1980 alihesabu mambo manne yanayouzaa: kifo, uhuru, upweke na kukosa maana.

Usizibebe orodha hizo zima zima, maana ndizo zinazovimbisha mada. Zitumie kama chekeche. Baba hakuogopa njaa. Mama aliuza unga sokoni na bukari, ugali wetu, ilikuwepo mezani kila siku. Hakuzungumzia kifo, wala hakujiona mwenye kosa. Kilichobaki kwenye chekeche ni utupu. Siku nilipoweza kusema hivyo, nusu ya swali langu ilikuwa imepatikana. Kama huwezi bado kusema ni wasiwasi upi, hakuna njia itakayokusaidia kwa sasa. Rudi kwenye tukio lenyewe ulisimulie upya, polepole.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale matano: jinsi inavyoligeuza swali, ushahidi unakotoka, muda na gharama, nani anaweza kuumia, na inamfaa nani. La nne nalipa uzito kuliko mengine, na utaona hilo ninavyoandika.

Njia ya nne ipo, ya dodoso lenye vipimo, nami naitaja na kuiacha. Vipimo vya wasiwasi wa aina hii vimetungwa kwa lugha nyingine. Kuvileta katika Kiswahili cha Lubumbashi kunataka kutafsiri, kurudisha tafsiri katika lugha ya mwanzo, kisha kujaribu na watu wengi. Kwa kundi la watafiti wa saikolojia lenye mwaka na pesa, ni kazi nzuri. Kwa mtu mmoja mwenye sentensi moja ya baba yake, sentensi itapotelea kwenye majedwali.

Njia ya kwanza: kujichunguza mwenyewe

Clark Moustakas, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza kuuchunguza upweke alipokabiliwa na uamuzi kama binti yake apasuliwe moyo au la. Aliuandikia upweke mwaka 1961, na mwaka 1990 akaeleza mbinu yenyewe kwa hatua sita: kuingia katika swali, kuzama ndani yake, kuliacha likae, kupata mwanga, kufafanua, na mwisho kuyaunganisha yote. Kwake, mtafiti haruhusiwi kusimama nje ya swali. Lazima liwe limemgusa yeye.

*Swali linavyogeuka.* Langu likawa: "Ninapopita siku nzima bila mtu kunihitaji, ni nini hasa kinachonitokea?" Angalia kwamba baba ametoka. Hilo linauma, lakini ndivyo njia hii ilivyo: huwezi kujichunguza wewe huku unamchungulia mwingine.

*Ushahidi.* Daftari, kwanza kabisa. Kisha ndoto, barua za zamani, picha, na mazungumzo na wachache waliopatwa na jambo kama hilo. Ubora wa daftari ndio ubora wa utafiti. Kurasa zangu za mwanzo zilijaa maneno kama "leo nimekuwa na wasiwasi sana", na hazikunifaa kitu. Kisha nikapata hii: "Jumanne. Umeme umekatika saa moja usiku. Simu imezima. Nimekaa kitandani na nimegusa ukuta ili nijue uko wapi." Huko kugusa ukuta ndiko kulikonipa kazi ya miezi miwili. Kwa hiyo andika kilichofanyika kabla ya kukipa jina. Mkono ulifanya nini, mwili ulikaa wapi, sauti ipi ilisikika.

*Muda na gharama.* Pesa ni daftari na kalamu. Muda ndio mgumu, kwa kuwa hatua ya kuliacha swali likae haifuati kalenda ya chuo. Tena utakapotetea kazi, karibu kila jopo litauliza kama hii ni sayansi au shajara. Uwe na jibu: ulifuata hatua zipi, uliacha nini nje, mtu mwingine atawezaje kuikagua njia uliyopita.

*Nani anaweza kuumia.* Wewe. Kukaa na utupu wako kila usiku si mchezo. Na wa nyumbani kwako pia, ambao wataonekana kwenye kurasa zako bila kuulizwa. Nilipomsomea mama ukurasa mmoja alinyamaza kitambo, kisha akaniomba niondoe mstari mmoja. Niliuondoa, na siutaji hapa.

*Inamfaa nani.* Mwenye msimamizi anayeielewa mbinu hii, aliyepita kidogo mbali na tukio lenyewe, na mwenye mtu wa kuongea naye jioni. Inamfaa pia asiyetafuta shahada yoyote bali anataka kujielewa.

Njia ya pili: mazungumzo na watu wachache

Hapa unawafuata walioishi jambo hilo, unasikiliza kwa kina, unafasiri wanavyolielewa wenyewe. Jonathan Smith na wenzake Uingereza waliikuza namna moja ya kazi hii kuanzia miaka ya 1990, na kwa wanafunzi wanapendekeza watu 3 hadi 6 tu. Wengi hawaamini idadi hiyo, wanataka 50. Lakini 50 utawahesabu, 5 utawasikiliza.

*Swali linavyogeuka.* "Wanaume waliofanya kazi ya mgodi zaidi ya miaka 15, kisha wakaiacha, wanaielezaje asubuhi ya kwanza bila kazi?" Neno wasiwasi limetoka. Neno nafsi limetoka. Nilipoyaondoa nilihisi kama nimeuza shamba, hadi nilipoona yanarudi yenyewe katika majibu, yakiwa na maji na udongo wake.

*Ushahidi.* Kwa upande huu mji wetu ni tajiri kuliko maktaba nyingi. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilianzishwa mwaka 1906, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilifuata siasa ya kuwakalisha wafanyakazi pamoja na familia zao: nyumba, posho, hospitali, shule, vyote kutoka mkono mmoja. Ndiyo sababu wazee walisema kampuni njo baba, njo mama. Miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, walitoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Hivyo kuna vizazi vizima hapa ambavyo swali la "mimi nani?" na swali la "unafanya kazi wapi?" yaliwahi kuwa na jibu moja.

Lugha inataka uangalifu wa pekee. Tasnifu utaiandika kwa Kifaransa, lakini usiulize kwa Kifaransa. Mzee mmoja nilimuuliza kama aliwahi kupatwa na *angoisse*, yaani wasiwasi kwa Kifaransa. Akasema hapana, hiyo ni ya watu wa hospitali. Nikamuuliza kama alikuwa na mawazo. Aliongea hadi chai ikapoa vikombeni. Wengine watakuambia roho ilikuwa juu juu. Yaandike hivyo hivyo, usiyafasiri mezani pa mtu.

Na uanze na tukio. "Nisimulie asubuhi ya kwanza." Mmoja alijibu kwa maneno mawili, "Nilivaa viatu," akasimama hapo. Nilitaka sana kujaza kimya kile. Nashukuru sikujaza, kwa sababu baada ya muda aliendelea: alivaa viatu, akakaa kitandani na viatu vyake hadi jua likaingia dirishani, kwa sababu kuvivua kungekuwa kukubali.

*Muda na gharama.* Saa moja ya sauti ilinichukua saa sita kuiandika, bado kutafsiri. Teksi, sabuni au sukari ya kumpelekea mzee (mikono mitupu si adabu), betri ya simu. Hesabu miezi minne ukiwa na watu watano.

*Nani anaweza kuumia.* Anayekaa mbele yako. Ukifika na daftari kuuliza habari za kazi iliyokwisha, wengi watadhani unaandika majina ya kulipwa fidia. Sema mapema, na urudie mwishoni, kwamba hakuna pesa inayokuja. Kubadilisha jina peke yake hakumfichi mtu. Katika kité, mtaa wa wafanyakazi, "mzee aliyeendesha winchi na aliyekatika vidole viwili" anajulikana hadi sokoni. Na akilia? Uwe umeshafikiri utafanya nini kabla hujabonyeza kurekodi.

Hatari nyingine ni ya swali. Mwanafalsafa Husserl alifundisha kuyaweka mabanoni, yaani kando kwa muda, yale unayoyadhania. Nami kabla ya mazungumzo ya kwanza niliandika: "Nadhani wote watasema kama baba." Mzee wa tatu akaniambia kwamba usiku ule alilala vizuri kuliko miaka yote, maana hakuwa mtu kule chini ya ardhi, alikuwa namba, utu wake ulianza alipotoka. Kama swali langu lingekuwa "kwa nini kupoteza kazi huondoa utu", mzee huyo asingekuwa na pa kukaa. Swali lisiloacha nafasi ya "hapana" lirudishe jikoni.

*Inamfaa nani.* Mwenye masikio na subira, anayeongea Kiswahili cha hapa bila kukigeuza, na anayeweza kuvumilia kusikia jambo linalopingana na maumivu yake.

Njia ya tatu: kulichimba neno

*Swali linavyogeuka.* "Msemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi anaposema 'siko mutu tena', neno *mutu* lina maana gani hata liweze kukanushwa?" Hilo ni swali la falsafa, na halihitaji kumhoji yeyote.

*Ushahidi.* Maandishi na usemi. Tena si lazima uanzie mbali. Kitabu cha Placide Tempels kuhusu falsafa ya Kibantu kilitoka kwa Kifaransa hapahapa mwaka 1945, mji ukiitwa bado Élisabethville. Padri huyo Mfransisko kutoka Ubelgiji alidai kwamba kwa Wabantu kuwepo ni kuwa na nguvu ya uhai, na nguvu hiyo huongezeka na kupungua. Baadaye, katika Jamaa, kundi la Wakatoliki lililokua miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Katanga, mafundisho yalizunguka *umuntu*, yaani utu, na maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Ni lugha ya watu kama baba. Kisha wasome waliompinga: Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun alimkosoa vikali mwaka 1968, na Mudimbe, mwanafalsafa wa Kongo aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufundisha katika chuo kikuu chetu cha hapa Lubumbashi, alitumia maisha yake kuuliza ni nani aliyeunda maarifa haya juu ya Afrika, na kwa lugha ya nani.

Moyo wa njia hii nauona kwenye mabishano ya wawili. Ifeanyi Menkiti, Mnaijeria, aliandika mwaka 1984 kwamba katika fikra za Kiafrika mtu hazaliwi mtu kamili. Utu hupatikana polepole ndani ya jamii. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwamba jamii ina uzito, sawa, lakini haimfanyi mtu kuwa mtu. Sasa rudisha sentensi ya baba. Kwa Menkiti inaeleweka moja kwa moja: kinachopatikana kinaweza kupotea. Kwa Gyekye, baba alikuwa bado mtu, kwa hiyo alichopoteza ni kitu kingine na kazi yako ni kukitafutia jina. Nilipoisoma hivyo, kwa mara ya kwanza sentensi ile haikunisikitisha tu. Ilinifanya nitamani kubishana naye.

Ongeza na lugha zenyewe: *bumuntu* (utu) ya Kiluba, *roho* ambayo hapa kwetu hufanya kazi ya moyo na ya nafsi pamoja, na *wasiwasi*, neno la asili ya Kiarabu ambako linatokana na kunong'ona. Anayenong'ona ni nani, ikiwa chumbani uko peke yako?

*Muda na gharama.* Fotokopi, maktaba, megabaiti za kupakua makala. Inaweza kuisha kwa miezi mitatu, au isiishe kamwe kwa anayependa kusoma kuliko kuandika.

*Nani anaweza kuumia.* Karibu hakuna, na hapo ndipo penye udhaifu: swali linaweza kupoa. Utajikuta umeandika kurasa 40 za Heidegger na baba hayumo. Jihadhari pia na "Mwafrika anaamini kwamba…" Andika nani, wapi, lini, kwa lugha gani.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa falsafa, teolojia au isimu. Na yule ambaye kidonda chake bado kibichi mno kuguswa moja kwa moja.

Uchague vipi

Kama tukio lina chini ya mwaka mmoja, usianze na daftari la usiku. Anza na neno, au na watu ambao habari yao haifanani kabisa na yako. Kama hulali kwa wiki, chakula hakipiti, au mawazo ya kufa yanakuja, weka utafiti kando na umwone mtaalamu. Hapa mjini kuna kituo cha afya ya akili cha Joseph Guislain. Swali litakungoja.

Ukiwa na miezi mitatu na msimamizi wa falsafa, neno. Ukiwa na miezi sita, msimamizi wa saikolojia au sosholojia, na wazee wanaokujua, mazungumzo. Ukiwa na msimamizi asiyekubali neno "mimi" katika tasnifu, usipigane naye mwaka mzima: fanya njia ya pili na uandike ukurasa mmoja wa wazi unaoeleza swali lilikotoka. Usipokuwa na msimamizi wala shahada ya kutafuta, njia ya kwanza ni yako, na hakuna wa kukuharakisha.

Kuchanganya mbili kunawezekana. Neno na mazungumzo hupatana vizuri, kwa kuwa wazee wenyewe watakupa maana za *mutu* ambazo hazimo kitabuni. Daftari na mazungumzo ni vigumu zaidi. Sauti yako huwameza.

Ukiwa bado umesimama njia panda, fanya nilivyomwambia yule kijana. Chukua karatasi tatu. Ya kwanza, saa moja peke yako, andika jambo moja lililokupata bila kutaja hisia yoyote. Ya pili, saa moja na mtu mmoja, umuulize tukio moja. Ya tatu, saa moja na neno moja, uorodheshe kila namna ulivyolisikia likitumika nyumbani. Kisha tazama ni karatasi ipi imezaa swali la pili ambalo hukulitegemea.

Alirudi Jumamosi. Karatasi mbili zilikuwa na mistari minne mitano. Ya mazungumzo ilijaa mbele na nyuma: alikuwa amekaa na shangazi yake, muuza mkaa, ambaye alimsimulia siku ya kwanza alipoacha kuitwa "mama fulani" baada ya kumzika mtoto wake wa pekee, na watu hawakujua wamwite nani. Pembeni, kwa wino mwingine, kijana aliandika: "Mtu anaitwaje asipobaki na wa kumpa jina?" Akaniuliza kama hilo ni swali. Nikampa karatasi nyingine.